Breki za nyuma zinapiga kelele: jua zinalia wakati gani kabla hujanunua pedi

Malalamiko ya breki za nyuma yanafanana mpaka unaweza kuyakariri. Gari inalia nyuma, mtu kabadilisha pedi, bado inalia, kabadilisha na diski, ikatulia siku kadhaa afu ikarudi palepale. Kitu ambacho wengi hawakiweki akilini ni kwamba nyuma sio mbele. Ukikanyaga breki uzito wa gari unakimbilia mbele, kwahiyo breki za mbele ndio zinapiga kazi kubwa na zinaisha kwa kutumika. Za nyuma zinapata kazi kidogo, zinashinda na vumbi, maji na kutu, na juu ya hapo kwenye magari mengi zimebebeshwa hendibreki. Ndio maana kelele nyingi za nyuma zinatokana na kitu kunata, kukauka au kuchafuka, sio kitu kuisha. Isipokuwa kwenye magari ya karibuni ambayo kompyuta inagawa nguvu ya breki, hapo pedi za nyuma zinaweza kuisha hata kabla ya za mbele, kwahiyo usizisahau kisa ni za nyuma.

Na ukitaka kujua kipi kimenata, kuiga sauti mbele ya fundi hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kumwambia inalia lini: ukikanyaga, ukiachia, ikitembea bure, kwenye kona, asubuhi tu, au ikishapata moto.

Kwanza, hizi ukiziona usiendelee kuendesha

Pedeli imekuwa laini au inazama mpaka chini. Taa nyekundu ya breki imewaka na hendibreki umeshusha. Kuna majimaji ndani ya rimu au upande wa ndani wa tairi. Tairi linatoa moshi au harufu kali ya kuungua. Gari inavuta upande mmoja ghafla ukishika breki. Chuma kinasaga chuma muda wote. Yoyote kati ya hizo, paki, ita fundi au ivutwe. Usijipe moyo kwamba utaenda taratibu, maana breki ikigoma utakuwa huna cha kukusimamisha hata huo utaratibu.

Majaribio ya bure, tairi bado halijafunguliwa

Toa kila kitu kwenye buti: spea, jeki, spana, chupa. Tok tok kibao za "breki za nyuma" zinaishia hapa. Afu tafuta sehemu tambarare isiyo na watu wala magari, redio zima, vioo shusha, tembea kilomita 10 mpaka 20 kwa saa kando ya ukuta, ukuta utakurudishia sauti na utajua ni kulia au kushoto. Kanyaga breki kidogo, kanyaga zaidi, achia. Rudi rivasi ufanye vilevile.

Kama hendibreki yako ni ya kuvuta kwa mkono na inashika magurudumu ya nyuma, kuna jaribio moja zuri sana. Gari ikiwa kwenye mwendo huohuo mdogo, bonyeza kitufe cha hendibreki ukishikilie na uvute polepole, kidogo tu. Kelele ikianza, ikikata au ikibadilika hapohapo, basi ipo nyuma. Isipobadilika kabisa anza kuwa na wasiwasi na breki za mbele, kwasababu sauti inasafiri kwenye bodi na inadanganya sana. Kama hendibreki ni ya kitufe cha umeme usijaribu hii gari ikiwa inatembea.

La mwisho, endesha kama dakika 15 bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama, afu sogeza mkono karibu na kila rimu ya nyuma. Karibu, sio kugusa, chuma cha breki kinaweza kukubabua. Linganisha kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa wa moto kupita mwenzake kuna breki haiachii, na hapo umeshapata nusu ya jibu.

Ukiamua kufungua mwenyewe

Ardhi iwe ngumu na tambarare, magurudumu ya mbele yawekee kabari pande zote mbili, legeza nati kabla hujanyanyua, nyanyua kwa jeki, afu weka stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu, usiingize mwili chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Hendibreki utalazimika kuishusha ili dramu (lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi kwenye gari zisizo na diski nyuma) itoke, ndio maana kabari za mbele sio mapambo.

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Pedi na lainingi (ile sehemu ya kusugua iliyobandikwa kwenye chuma) za zamani zilitengenezwa na asbesto na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta saratani, na kwa kuliangalia tu huwezi kujua lako ni la aina gani. Lowesha kwa spreyi ya kusafishia breki au maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa. Vaa barakoa. Na petroli au dizeli sio sabuni ya breki, zinaharibu raba na zinabakisha mafuta, achilia mbali hatari ya moto.

Fungua upande mmoja kwa wakati. Ukichanganyikiwa springi ipi inakaa wapi, upande wa pili haujaguswa, unaenda kuchungulia. Piga na picha.

Mlio mwembamba, "iiiii", ukikanyaga breki

Huu ndio unaoongoza kwa kuulizwa. Sababu inayotokea zaidi ni vumbi na uso wa pedi kung'aa. Breki za nyuma zikishikwa kidogo kidogo kila siku bila kupata joto la kutosha, pedi inakuwa na uso unaong'aa, mgumu, badala ya kuuma diski inatetemeka juu yake, na huo mtetemo ndio mlio. Kabla ya kufungua kitu, jaribu kuishikisha breki vizuri: barabara tupu, kutoka kilomita 50 kwa saa shuka mpaka 10, breki imara ila tairi lisiburuze, rudia mara 8 hadi 10 ukiacha nusu dakika ya kupoa katikati. Usisimame kabisa ukaacha mguu kwenye pedeli pedi zikiwa za moto. Mara nyingi mlio unapungua au unaondoka.

Haukuondoka? Fungua tairi uangalie unene wa pedi. Pedi nyingi zina kijichuma cha onyo ambacho lainingi ikibaki kama milimita 2 au 3 kinagusa diski na kupiga kelele makusudi ili ubadilishe. Huo mlio mara nyingine unasikika hata hujakanyaga, afu ukikanyaga unakata. Chini ya milimita 3 nunua pedi, badilisha kulia na kushoto kwa pamoja. Na usiangalie pedi ya nje tu ambayo ndio inaonekana kirahisi. Nimeona gari ambayo pedi ya nje bado nusu nzima, unachungulia ya ndani imebaki bamba la chuma, diski upande ule imechimbika mistari mpaka kucha inanasa. Mwenye gari alikuwa ameambiwa pedi bado zipo, na kweli zilikuwepo, moja.

Tofauti kubwa kati ya pedi ya ndani na ya nje maana yake pini za kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zimenata au pistoni inayosukuma pedi hairudi. Pini zichomoe, zinatakiwa ziteleze kwa mkono bila kubishana. Safisha kutu kwa brashi ya waya au msasa laini, angalia raba zake kama zimepasuka, paka grisi ya breki inayostahimili joto, kidogo. Grisi ya kawaida ya beringi hapana, inayeyuka na nyingine zinavimbisha raba.

Baada ya hapo ndio unaangalia vitu vidogo: vibati vya shimu (vibati vyembamba vya kuzuia mtetemo) nyuma ya pedi vimepotea, klipu za springi zimelegea au hazikurudishwa, sehemu pedi inapokaa kwenye breketi (chuma kinachoshikilia pedi) ina kutu na pedi inakwama. Hivi vidogo ndio vinarukwa na fundi mwenye haraka.

Kama una dramu, mlio unaweza kuwa wa aina nyingine kabisa. Breki shuu, yaani vile vyuma vyenye lainingi vinavyotanuka na kusugua dramu kwa ndani, zinakaa juu ya vituo vidogo kwenye bamba la nyuma, na kila ukikanyaga shuu inateleza juu ya vile vituo. Vikikauka vinalia kama bawaba ya mlango isiyo na mafuta. Kinachoutambulisha mlio huu ni kwamba unausikia hata gari ikiwa imesimama, mtu akanyage na kuachia pedeli wewe ukiwa umesikiliza nyuma. Dawa ni kutoa dramu, kusafisha, kunyanyua shuu kidogo na kupaka tone la grisi ya joto kwenye kila kituo. Tone. Grisi ikigusa lainingi umeharibu breki.

"Krrrr", chuma kinasaga

Hapa usicheze sana. Kwanza angalia pedi au shuu zilizoisha kabisa, hilo ndilo la kawaida. Kwa shuu, lainingi ikikaribia milimita 2 ujue muda umefika. Zikishafika chuma, diski au dramu nayo inaliwa. Kwenye diski utakuta kipimo cha unene wa mwisho kimeandikwa kwenye chuma chenyewe, MIN TH na namba, na kwenye dramu ni MAX DIA, kipenyo cha mwisho. Pima kwa venia (rula ya kubana ya kupimia unene). Diski ikiwa chini ya hapo haipelekwi kuchongwa leithi (mashine ya kuchonga chuma), inatupwa. Na usiweke pedi mpya juu ya diski iliyochimbika, utarudi tena kwenye kelele ileile na pedi ulizonunua zitakuwa zimeshalika.

Cha pili ni kile ambacho watu hawakijui mpaka kiwapate. Magari mengi yenye diski nyuma yana dramu ndogo imejificha katikati ya diski, humo kuna shuu za hendibreki tu. Zile shuu haziishi kirahisi kwasababu zinashika gari ikiwa imesimama, ila gundi ya lainingi inachoka, kutu inaingia chini yake, siku moja lainingi inabanduka kipande kizima na kuanza kuzunguka humo ndani. Unasikia kusaga kwa vipindi, mara ipo mara haipo, haijali kama umekanyaga breki au hujakanyaga, na pedi ukiziangalia ni nzima kabisa. Mtu anaweza kubadilisha pedi mara mbili kelele haijaguswa. Dalili inayosaidia: hendibreki imeanza kuwa dhaifu, au ukiivuta kelele inageuka. Dawa ni kutoa diski na kuangalia ndani, na usiendelee kuendesha, kipande kile kikikaa vibaya kinaweza kufunga tairi ukiwa kwenye mwendo.

Ya tatu ni kutu nzito ya kwenye ukingo wa diski au uso wa ndani, hasa gari zinazokaa sana, za kando ya bahari, na za haibridi ambazo mota inafanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo kwahiyo breki zenyewe zinakaa siku nyingi bila kupata joto. Kutu nyepesi inaliwa na pedi. Kutu iliyochimba vishimo haitoki, ni diski mpya.

Kukwaruza muda wote, hujakanyaga hata breki

Anza na jiwe. Kokoto inaingia kati ya diski na kile kibati chembamba cha kukinga vumbi, na kelele yake inatisha kweli, mtu anadhani gari imekufa. Inakuja ghafla, mara nyingi baada ya barabara ya changarawe au kazi ya ujenzi. Tembea mbele na rivasi taratibu mara kadhaa, mara nyingine inadondoka yenyewe. Isipodondoka fungua tairi, sukuma kibati kwa bisibisi, jiwe likitoka kirudishe kisiguse diski. Na kibati chenyewe kikipinda, labda kilishikwa wakati wa kubadilisha tairi, kinatoa "shwaa shwaa" ya kufuata mzunguko wa tairi. Unakinyoosha kwa vidole.

Kama sio jiwe, breki haiachii. Hapa kumbuka jaribio la joto. Upande wenye moto, ukiunyanyua na kuzungusha tairi kwa mkono linagoma au linabana. Sababu kwa mpangilio ni hizi: pini za kalipa zimenata, uzi wa hendibreki umeota kutu ndani ya ganda lake hivyo unavutika ila haurudi, kiwiko cha hendibreki kwenye kalipa hakirudi mpaka mwisho, pistoni imeshika kutu, na mwishoni kabisa mpira wa breki (bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye kalipa) umevimba ndani kwahiyo mafuta yanaingia ila hayarudi.

Kutenganisha ni rahisi ukijua pa kuanzia. Shusha hendibreki, chungulia kiwiko pale kwenye kalipa. Kikiwa hakijagusa stopa yake, chomoa uzi. Kikirudi baada ya kuchomoa, mbaya ni uzi. Kikibaki vilevile mbaya ni kalipa. Na kama tairi linabana baada tu ya kukanyaga pedeli, fundi afungue nati ya kutolea hewa kidogo: tairi likiachia hapohapo kuna presha imekwama, yani mpira au mbele zaidi. Hiyo ya kufungua mafuta ya breki kama hujawahi kuifanya waachie wenyewe, hewa ikiingia pedeli inakuwa sponji.

Kwenye dramu, kukwaruza muda wote mara nyingi ni shuu zimekazwa sana, springi ya kurudisha imechoka au imekatika, au ajasta imekwama. Ajasta ni ile nyota ndogo inayozungushwa kwa bisibisi kupitia tundu la bamba la nyuma. Inakazwa mpaka tairi liguse kidogo tu ukilizungusha, afu kanyaga pedeli mara kadhaa ili shuu zikae katikati, rudia kupima. Ukikuta shuu zimelowa, kuna kitu kinavuja: wili silinda (kisilinda cha mafuta ya breki kinachosukuma shuu), au kwa gari zenye difu nyuma, oili sili ya ekseli (raba inayozuia mafuta ya difu). Mafuta ya difu yana harufu nzito na yanateleza, ya breki ni mepesi. Shuu zilizolowa hazioshwi wala kuchomwa moto, zinatupwa, na kinachovuja kinatengenezwa kwanza.

"Tok" moja, au "tik tik" za kufuatana

Tok moja ukianza kushika breki baada ya kutoka rivasi, kwa kawaida ni pedi inasogea kwenye breketi. Mwanya mdogo ni wa kawaida, tok kubwa maana yake klipu hazipo au breketi imelika. Ila kabla hujasema pedi, kaza bolti za kalipa. Bolti ya kalipa iliyolegea ni hatari ya kweli, ikidondoka kalipa inaweza kupiga rimu. Ukikuta imelegea jiulize imelegeaje, kagua na upande wa pili. Tok ikija pia kwenye matuta bila breki, geukia bushi za mkono wa nyuma na shokapu, breki zinasingiziwa tu.

Tik tik za kwenye dramu iliyotoka kuchongwa leithi zina hadithi yake. Fundi akikimbiza kisu haraka, dramu inabaki na mistari ya kuzunguka kama skrubu. Ukikanyaga breki shuu inafuata ile mistari inasogea pembeni, ikifika mwisho springi inairudisha kwa kishindo, tik, inaanza tena. Unatoa dramu, unapiga msasa wa kukata ile mistari, au irudishwe leithi ichongwe kwa mwendo mdogo. Tik nyingine zinatoka kwenye vile vituo vya bamba la nyuma vikiwa vimechimbika, shuu inanasa na kuruka.

Ngrrr ya pedeli kutetemeka mguuni ulipofunga breki ghafla kwenye utelezi ni ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge) inafanya kazi, usiitengeneze.

Asubuhi tu, au baada ya mvua na kuosha gari

Diski ni chuma cha kawaida, usiku mmoja wenye unyevu unatosha kuipaka kutu ya rangi ya chungwa. Ukishika breki mara chache inafutika na kelele inaisha. Hapo hakuna ugonjwa. Kelele ikiendelea zaidi ya hapo rudi kwenye dalili za juu.

Kishindo cha "ta!" unapoondoka asubuhi ni hendibreki ililala imevutwa breki zikiwa mbichi, lainingi ikagandana na dramu kwa kutu. Kikitokea mara moja moja sawa. Kikiwa cha kila siku ndio kinachokuja kubandua zile lainingi nilizotaja. Baada ya kuosha gari tembea kidogo huku unashika breki zikauke, ndio uvute hendibreki. Gari ya kulala muda mrefu kwenye tambarare iache kwenye gia, au P kwa otomatiki, weka kabari, hendibreki usivute.

"Wuuu" inayopanda na mwendo

Hii mara nyingi sio breki kabisa, ni beringi au tairi lililolika vibaya. Breki ukikanyaga haibadiliki, ila ukikata kona upande mmoja inaongezeka na upande wa pili inapungua. Nyanyua, shika tairi juu na chini ulitingishe, lisicheze. Beringi ikishacheza usisafiri nayo.

Pedi mpya, kelele mpya

Kama zimefungwa juzi tu, zipe muda zikae na zifanyie ule utaratibu wa kilomita 50 mpaka 10. Zisipotulia fungua uone: klipu za zamani zenye kutu zimerudishwa, pedi yenye kijichuma cha onyo imewekwa upande usio wake, diski haikusafishwa ina mafuta ya kiwandani au ya mikono. Na kuna pedi ngumu zenye chuma kingi ambazo zinalia maisha yake yote, hazina ubaya mwingine. Kwenye dramu, angalia kama shuu ya mbele na ya nyuma zimebadilishana, kwa gari nyingi hazifanani urefu wa lainingi.

Sasa kuna kosa moja la nyuma linalogharimu kalipa nzima. Kwenye gari ambazo hendibreki ya uzi imo ndani ya kalipa, mara nyingi pistoni hairudi kwa kubanwa, inarudi kwa kuzungushwa huku unaisukuma, kuna kifaa chake. Ukiibana kwa jiriwa unavunja mfumo wa ndani. Na hendibreki ya umeme lazima iwekwe kwanza kwenye hali ya sevisi, kwa mashine au kwa utaratibu wa kitabu cha gari, la sivyo mota inaweza kusukuma pistoni vidole vyako vikiwa humo. Kama huna mashine na kitabu hakielezi, hiyo kazi sio yako.

Dramu imegoma kutoka

Usiipige nyundo pembeni, inapasuka. Hakikisha hendibreki imeshuka, legeza ajasta kupitia tundu la nyuma, maana dramu iliyolika ina ukingo ndani unaoshika shuu. Dramu nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi, mara nyingi ya bolti za M8, kaza bolti mbili kwa zamu, robo robo, inajisukuma yenyewe. Ikishatoka mtu asikanyage pedeli, pistoni za wili silinda zitaruka nje na mafuta yote yamwagike. Kalipa nayo ukiifungua usiiache ining'inie kwenye mpira wake, ifunge kwa waya.

Ukishafunga, kabla gari haijasogea

Pampu pedeli polepole mpaka iwe ngumu. Hii usiisahau, pistoni zilizorudishwa nyuma zinafanya mkanyago wa kwanza uende mpaka chini, na ukiwa tayari umeng'oa gari utajua kwa kugonga kilicho mbele. Angalia kiwango cha mafuta ya breki, ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT 3 na DOT 4 ni jamii moja, DOT 5 ni ya silikoni haichanganywi nazo, na oili ya injini au ya stelingi haiingii humo hata tone, inavimbisha raba zote kuanzia masta silinda mpaka nyuma. Kaza nati kwa mtindo wa msalaba kwa kipimo cha kitabu cha gari. Vuta hendibreki uhesabu meno, ikipanda juu sana iajasti. Afu tembea mita chache, shika breki, rudi rivasi, shika tena, ndio uingie barabarani kwa mwendo mdogo. Ukishatembea kama kilomita 50, nati zipimwe tena na ule mkono karibu na rimu urudie, kulia na kushoto joto liwe sawa.